Mama Aliyesema Hajaelewa

Msusi alimaliza kuandika programu kabla chai yangu haijapoa, na bado nikamkasirikia kwa kuchelewa. Ndivyo nilivyokuwa siku ile. Lusajo, mtoto wa mdogo wangu Bupe, alikuwa amelazwa Hospitali ya Mlimabaridi, juu kule kwenye ukungu, akihangaika kuvuta pumzi, na machoni pangu dunia nzima ilikuwa inajikokota: chai, mvua, mashine, binadamu.

Msusi mwenyewe si mtu, ingawa pale karakanani tulishamzoea hata tukawa tunamwamkia. Ni akili ya mashine inayotuandikia programu. Unakaa, unamweleza shida yako kwa Kiswahili hiki hiki cha sokoni, naye anaanza kusuka. Maelfu ya mistari, safi, imenyooka, halafu anaijaribu mwenyewe kwa kila namna anayoweza kuifikiria na kukuwashia taa za kijani. Mama yangu alifanya kazi hii zamani, enzi za kuandika kwa vidole, na alikuwa akituambia jinsi watu kumi walivyotumia msimu mzima kwa kazi ambayo Msusi anaimaliza wewe unapuliza kikombe. Nilikuwa namwonea huruma.

Kazi ya siku ile ilikuwa kugawa oksijeni. Baridi ya mwaka ule ilishuka vibaya, nimonia ikawakamata watoto, na wodi ya Mlimabaridi ikajaa mpaka wakawa wanalazwa wawili wawili kitanda kimoja. Mtambo wa kutengeneza oksijeni ulikuwepo, lakini haukuweza kumtosheleza kila mtoto kwa wakati mmoja. Ilibidi hewa ihamishwe: huyu amepata nafuu, mpunguzie; yule amezidiwa, mwongezee. Kazi hiyo ilifanywa kwa mkono na Sista Subilaga, mkuu wa wodi, akizunguka kutoka koki hadi koki, na mikono ya mtu mmoja haitoshi wodi nzima. Kulikuwa na watoto waliokosa hewa kwa sababu tu Sista alikuwa upande wa pili. Programu yetu ingezishika koki zote kwa pamoja. Kila kitanda kina kibanio kinachobana kidole cha mtoto na kusoma damu yake imebeba hewa kiasi gani; programu ingesoma vibanio vyote, ikafungua koki hii na kubana ile, bila kuchoka wala kusahau.

Nikamwambia Gwakisa, mkuu wa karakana yetu, kwamba taa zote ni za kijani na naomba niiwashe kutokea pale pale nilipokaa. Gwakisa ni mtu asiyepandisha sauti hata ukimkanyaga, na kwa mtu wa hasira kama mimi hiyo ni adhabu tosha. Aliniangalia, akavaa koti lake, akatoka kwenda kuwasha gari.

"Panda twende ukasimulie," akaniambia dirishani. "Najua ni mtoto wenu. Hata hivyo utasimulia."

Alikuwa anaizungumzia Sheria ya Ulimi. Ilitungwa baada ya miaka ile ambayo mashine zilijifunza kuandika haraka kuliko watu walivyoweza kusoma, na watu wakazoea kubonyeza "kubali" bila kusoma, mpaka ikafika siku mitambo ya maji ya mji mmoja mzima ikajifunga, na hakuna mtu hata mmoja, mkubwa kwa mdogo, aliyeweza kueleza kwa nini. Tangu hapo programu inayogusa mwili wa mtu haiwashwi mpaka mhandisi aisimulie kwa mdomo wake, bila kutazama kioo cha mashine, mbele ya wale itakaowagusa, na kila msikilizaji aseme kwa sauti yake kwamba ameelewa. Sauti hizo ndizo ufunguo. Bila sauti hizo, koki haziiitikii programu.

Mimi niliiona kuwa ni sheria ya watu waliotishika zamani wakashindwa kutulia. Njia nzima ya kupanda mlima nilikuwa nakata maneno kichwani, hili nitaliruka, lile nitalifupisha, hapa nitawaambia tu kwamba mashine inajua. Gwakisa aliendesha, wipa zikifanya kazi yake, na hakunipa hata sababu ya kugombana naye.

*

Wodi ilikuwa na joto la watu wengi na sauti ndogo ndogo za watoto wanaotafuta hewa. Ukishaisikia sauti ile hutaisahau. Sista Subilaga alinipokea bila kusimama. Kwa kawaida yeye ndiye msikilizaji wetu, na hapo mlimani hatujapata msikilizaji mzuri kumzidi, lakini alinikatisha kabla sijafungua kishikwambi. Akasema leo masikio hana, ana mikono tu; niwasimulie akina mama, maana watoto ni wao. Akaenda kwenye koki nyingine.

Bupe alikuwa kitanda cha dirishani. Jamani, mdogo wangu alikuwa amekwisha. Macho mekundu, khanga imekaa upande, na Lusajo amelala mbele yake, kifua kikipanda na kushuka kwa kasi ya kuogopesha, mirija miwili midogo ikiingia puani. Mrija wake uligawanyika njiani, nusu nyingine ikienda kwa mtoto wa pili wa kitanda kile, binti mdogo aitwaye Ipyana. Koki yao ilikuwa moja. Ipyana alikuwa amekwishapata nafuu, anacheza na ncha ya blanketi. Mama yake, Sekela, alikuwa mwanamke mfupi, mpole, amevaa sweta la kiume lililomfika magotini, na hata salamu aliniitikia kwa sauti ya chini nikalazimika kuinama.

Nikawakusanya akina mama. Nikawaeleza kwa ufupi kuhusu sheria: mimi nitasimulia programu inafanya nini, kila mmoja akiridhika aseme ameelewa, na sauti ya mwisho ikipatikana koki zitaanza kujiendesha. Sijafika hata kwenye sentensi ya kwanza ya masimulizi yenyewe, Bupe akanishika mkono.

"Dada, mtoto anaishiwa pumzi, wewe unatuletea hadithi?" Akageukia kishikwambi. "Nimeelewa. Nimeelewa. Washa."

Kishikwambi kikaipokea sauti yake. Mama wa kitanda cha jirani akamwangalia Bupe, akaniangalia mimi, na yeye akasema ameelewa. Wa tatu akafuata. Kisha ikawa wimbi, wodi nzima, nimeelewa, nimeelewa, na taa ndogo zikiwaka kijani moja baada ya nyingine kwenye kioo changu. Sikuwa nimewaambia chochote. Mngenitazama usoni mngeona furaha tupu. Nilijiambia kwamba mimi sijavunja sheria, wao ndio waliosema, na sheria inataka sauti tu. Kwa kweli sikuhisi hata chembe ya aibu. Kichwani nilimwona Lusajo anapumua vizuri tayari.

Ikabaki taa moja. Nikatazama huku na huku kumtafuta mwenye nayo.

"Mimi sijaelewa bado," akasema Sekela.

Bupe akamgeukia, na mdogo wangu ambaye sijawahi kumsikia akimjibu mtu vibaya akamwambia ni rahisi kwake kutoelewa, mwanawe ana nafuu. Yalikuwa maneno mazito kumtupia mtu unayelala naye kitanda kimoja. Nilitakiwa kumkemea Bupe. Badala yake nikaungana naye, nikamwuliza Sekela kwa ukali kidogo ni nini hasa hakielewi.

Alijifunga sweta vizuri. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Dada yangu, hujasema kitu," akanijibu. "Sasa nikisema nimeelewa, nitakuwa nimeelewa nini?"

Gwakisa alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwangalia nikitegemea aseme neno, kwa mfano kwamba walioelewa ni wengi wanatosha. Alikuwa anaangalia sakafu. Basi, hakuna njia. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamgeukia Sekela peke yake na kuanza kusimulia kwa hasira, haraka haraka, maneno yakigongana.

*

Nilimwambia hivi. Kibanio kinasoma damu ya mtoto mara kwa mara na kuipelekea programu namba. Namba ikishuka, programu inafungua koki ya kitanda hicho. Namba ikipanda na kutulia juu, maana yake mtoto ametosheka, programu inabana koki taratibu, na hewa inayobaki inapelekwa kwa kitanda chenye shida. Akaitikia kwa kichwa. Akauliza, na kibanio kikisoma vibaya je, maana watoto wanarusha mikono. Nikamwambia swali zuri, ingawa sikumaanisha. Nikamweleza kwamba namba ikiruka ghafla, kutoka chini kwenda juu au juu kwenda chini, programu inajua hakuna damu ya mtoto inayobadilika kwa kasi hiyo. Inaupuuza ule mruko. Inasubiri namba itulie, kisha inaifuata ile iliyotulia. Sehemu hiyo nilikuwa naipenda. Msusi aliisuka kwa ustadi na mimi nilimsifu.

Wakati nasema hayo, Bupe, bila kufikiri, kwa mkono uliozoea, alikitoa kibanio kwenye kidole cha Lusajo na kukivalisha kidole cha Ipyana.

Ulimi wangu ulisimama.

Nikauliza wanafanya nini. Akina mama wakashangaa swali lenyewe. Wakanieleza, kila mmoja akiongeza lake, kwamba vibanio vingi vimekufa na vipya havijaletwa, kwa hiyo ni kimoja kwa kitanda, na walikubaliana tangu mwanzo kupokezana. Mtoto mmoja akimaliza kunyonya, kibanio kinahamia kwa mwenzake. Hakuna mama aliyeruhusiwa kukikalia. Walikuwa wanajivunia mapatano yao, na walistahili. Sijawahi kukaa na watu walioishi kwa haki kuliko wale. Sista Subilaga naye alijua siku zote. Ila Sista alipofungua koki alimtazama mtoto usoni, hakutazama namba. Sisi tulimfundisha Msusi kwa namba za wodi, na katika namba hizo kitanda kilikuwa kitu kimoja.

Nikarudia masimulizi moyoni, polepole safari hii. Kibanio kinatoka kwa Lusajo kinakwenda kwa Ipyana. Namba inaruka juu. Programu inaupuuza mruko. Namba inatulia juu, kwa sababu Ipyana ana nafuu. Programu inaona kitanda cha dirishani kimetosheka. Inabana koki. Na Lusajo, mwanangu, yuko kwenye mrija huo huo.

Nilikuwa nimebakiza sauti moja tu.

Nikamwita Msusi kwa sauti, mbele ya watu wote, nikamwuliza kama aliona namba zikiruka.

"Niliona," akajibu kutoka kwenye kishikwambi, kwa ile sauti yake isiyo na haraka. "Nilidhani ni vibanio vibovu, nikazilainisha. Majaribio yote niliyaandika kwa kitanda chenye mtoto mmoja. Hakuna aliyeniambia vinginevyo."

Ni kweli hakuna aliyemwambia. Msusi alisuka kichwa alichopewa. Sikuweza hata kumkasirikia, na mimi nina uwezo mkubwa wa kukasirika.

*

Sasa sikilizeni uzuri wa Msusi, maana sitaki mtu afikiri namlaani. Nilimweleza hali ilivyo, vitanda vya wawili, kibanio cha kupokezana. Akaniambia mapigo ya moyo ya kila mtoto yana mwendo wake, na kibanio kinayasikia, kwa hiyo anaweza kujua kidole kimebadilika. Akapendekeza kitanda chenye watoto wawili kifuate daima yule mwenye hali mbaya, hata kama kwa sasa kibanio kiko kwa mwenzake. Na programu ikiwa na shaka, isibane koki kabisa, imwite Sista. Nikamwambia asuke. Sista alikuwa hajahama koki moja kwenda nyingine, kazi imekwisha, majaribio mapya yamefanywa, taa za kijani zimejaa kioo.

Nikazitazama zile taa. Zilikuwa kijani kile kile cha asubuhi.

Programu iliyobadilishwa ni programu mpya, ndivyo sheria inavyosema. Sauti zote zilikuwa zimefutika. Ilibidi nisimulie upya tangu mwanzo, kwa wote. Nilipowaambia, Bupe alianza kulia bila sauti, machozi tu. Midomo ya Lusajo ilikuwa inaingia rangi ya bluu. Sista alikuja akafungua koki yao zaidi, na ili afanye hivyo akabana ya kitanda cha pembeni, na mama wa pembeni akainua uso akatutazama. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kusimulia nako kuna gharama, na gharama ile ilikuwa inalipwa na watoto, si na mimi. Nikiwasha bila wao kuelewa, naweza kuua. Nikiendelea kuongea, naweza kuua vilevile. Nilikaa pale nimeshika kishikwambi.

Sijui wazo lilitoka wapi. Nasema ni Mungu, Gwakisa anasema ni woga. Sheria ya Ulimi inakataza programu kugusa. Haikatazi kusema. Nikamwuliza Sista: itakuwaje kama programu isiguse koki yoyote, ikae kimya ikisoma vibanio, halafu iseme tu, kitanda hiki ongeza, kile punguza, na akina mama wenyewe wageuze koki za vitanda vyao? Sista alisimama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike kumwona miguu yake imetulia. Akafikiri. Kisha akasema sawa, lakini hakuna mkono utakaogusa koki kabla yeye hajamtazama mtoto na kuitikia kwa kichwa. Akaenda kusimama katikati ya wodi.

Na ndivyo tulivyofanya. Programu ikawa inataja kitanda na inachoshauri, Sista anatazama, anaitikia, mama anageuza. Mara mbili alitikisa kichwa kukataa, na mama akauacha mkono wake magotini. Wodi nzima ikawa inafanya kazi kwa zamu kama watu wanaopikia shughuli moja. Bupe aliishika koki ya dirishani, na iliposemwa aongeze, Sista akaitikia, akaongeza, akabaki ameinama juu ya Lusajo. Bluu ya midomo ile ikaanza kuondoka.

Katikati ya kazi hiyo ndipo niliposimulia. Safari hii sikukata neno. Nilisimulia vibanio, nikasimulia mapigo ya moyo, nikawaambia jinsi programu inavyowatambua watoto wawili, na nini kinatokea ikishindwa kuwatambua, na nini kinatokea umeme ukikatika, na ni wakati gani wasiiamini. Waliuliza maswali. Mama wa pembeni aliuliza itakuwaje wakileta mtoto wa tatu kitandani, jambo ambalo lilishawahi kutokea. Nikamwuliza Msusi, naye alikuwa hajalifikiria, akasuka, nikaanza tena tangu mwanzo. Hakuna aliyeguna. Mikono yao ilikuwa kwenye koki na sasa walijua ninazungumzia nini.

Sauti zikaanza kuja, moja moja, bila wimbi. Bupe alisema ameelewa akiwa amemtazama Sekela. Nikafika mwisho, nikamgeukia mwenye taa ya mwisho kwa hofu, kwa sababu kama angesema bado, ningeanza tena na nisingekuwa na neno la kumlaumu.

Sekela alimtazama Ipyana, akamtazama Lusajo, akakitazama kibanio.

"Hapo sasa nimeelewa," akasema.

Koki zikageuka zenyewe, wodi nzima, kwa mlio mdogo. Akina mama wakaondoa mikono yao. Sista Subilaga akatafuta kiti, akakaa, akaipumzisha mikono yake magotini. Nikaenda nikapiga magoti mbele yake kumshukuru, akaniambia niinuke, nisimfanye mtu mzima alie mbele ya wagonjwa.

*

Asubuhi ya kesho yake simu ya Gwakisa haikutulia. Habari zilikuwa zimefika hospitali nyingine za milimani, baridi ni ile ile na watoto ni wale wale, na wote walitaka programu mara moja. Alinikuta barazani nikinywa uji wa hospitali. Msusi angeweza kuisambaza kote kabla sijamaliza kikombe, na Gwakisa, Gwakisa huyu huyu wa kupanda-ukasimulie, aliniuliza kwa sauti yake ya upole kama masimulizi ya jana hayawezi kuhesabika kwa wote. Macho yake yalikuwa yamechoka. Alikuwa amewasikia madaktari wakimwomba.

Sikumcheka, ingawa nafasi nilikuwa nayo. Nilimwambia aisambaze sasa hivi, kila mahali, lakini iende ikiwa ya kushauri tu, iseme na isiguse, na Masista wawapange akina mama kwenye koki kama tulivyofanya. Huo ndio upesi tunaoweza kuwapa leo, na si mdogo. Koki zenyewe zitakabidhiwa programu wodi kwa wodi, baada ya mtu kwenda kusimulia na kukaa na kutazama mikono ya watu inafanya nini. Sisi hatujui huko wanapokezana nini. Akaniuliza nani ataenda. Nikamwambia aanze kuwasha gari.

Kabla ya kuondoka nilikwenda kumuaga Sekela. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda na nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu kabisa, ya mtu aliyesoma. Yote ikapotea. Nikamshika mikono miwili, nikamwambia, "Mama Ipyana, asante. Jana nilikuchukia, na wewe ulikuwa unaniokolea mwanangu." Aliona haya. Akasema yeye hakujua lolote kuhusu kibanio wala koki, aliona tu anaombwa kusema kitu ambacho si kweli. Nilimwambia ndiyo maana namshukuru. Mashine yangu ilikuwa inajua mambo mengi mno, na mimi pia; wodi nzima ilikuwa na haraka ya haki, na yeye peke yake alikubali kuonekana mzito.

Ndipo Lusajo akalia. Tangu alazwe hakuwa na pumzi ya kulia; alikuwa akikunja uso tu na kuacha. Sasa alilia kwa hasira kamili, ngumi juu, miguu inapiga hewa, uso mwekundu, na wodi yote ikacheka kwa furaha, na mtu akasema hasira hizo ni za mama yake mkubwa. Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi. Bupe akamwinua pamoja na mirija yake, naye alikuwa akilia na kucheka.

Nikanyoosha mikono nimpokee. Mimi ndiye mama mkubwa, mimi ndiye niliyeleta mashine, na nilikuwa naondoka.

Bupe akanipita. Akainama, akamlaza mtoto kwenye mikono ya Sekela, akamfunga vizuri na lile sweta kubwa.

"Mwanangu, nyamaza," akamwambia Lusajo. "Huyu ni mama yako."

Nikabaki nimesimama pale, mikono mitupu mbele yangu, nikimshukuru Mungu.